Chaja imefungwa ukutani, gari halijafika

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na ninakuandikia kutoka viungani mwa Birmingham, Uingereza, ninakoishi na mke wangu na watoto wetu wawili. Tarehe 11 Januari mwaka huu wa 2022 niliagiza gari jipya la umeme linaloundwa China, la bei ya pauni 31,000 na ushei. Nililipa arubuni ya pauni 1,000 kwa kadi ya mkopo, na muuzaji akaniambia kwa kinywa chake kwamba mwishoni mwa Aprili ningekuwa nalo. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa sitafuti ugomvi nayo. Ninachotafuta ni gari.

Katikati ya Machi nilipokea barua pepe iliyoeleza kwamba vipuri vimeadimika na gari litafika Juni. Mwezi uliofuata nikaambiwa kwamba kazi kiwandani imesimama kwa sababu ya amri ya kuwafungia watu majumbani kutokana na UVIKO-19, kwa hiyo tutarajie Agosti. Wiki iliyopita ikaja barua ya tatu, yenye maneno matamu kuliko zote mbili zilizotangulia, ikisema kwamba gari "linakadiriwa kufika kati ya Septemba na Novemba".

Gari nililonalo sasa ni la dizeli, la mwaka 2012. Ninasimamia mitambo ya jengo moja katikati ya jiji, zamu za usiku, na tangu Juni ya mwaka jana sehemu hiyo ya jiji imewekwa kuwa eneo la hewa safi, ambapo gari kama langu hutozwa pauni 8 kwa siku. Siku yao huanza usiku wa manane na kuisha usiku wa manane unaofuata. Mimi huingia saa tatu usiku na kutoka saa moja asubuhi, kwa hiyo zamu nne mfululizo hunigharimu ada ya siku tano, yaani pauni 40 kila wiki, na sistahili msamaha wa muda waliopewa baadhi ya wafanyakazi. Dizeli yenyewe inakaribia pauni mbili kwa lita.

Nyumbani nako kuna kichekesho. Niliharakisha kufunga chaja ukutani kabla ya tarehe 31 Machi, ili nisiikose ruzuku ya pauni 350 ambayo serikali ilikuwa inaiondoa kwa wenye nyumba. Chaja imefungwa, taa yake ya kijani huwaka usiku kucha, na kitu pekee kilichowahi kuchomekwa humo ni baiskeli ya binti yangu wa miaka sita, anayecheza mchezo wa kuichaji.

Jambo linaloniumiza zaidi ni la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayeishi Leicester. Kwa kuwa huko hakuna ada kama hii, tulikubaliana kwamba nitamuuzia hili la dizeli, naye akanipa pauni 500 za kutangulia, nami nikamwahidi kulikabidhi mwanzoni mwa Mei. Tangu wakati huo nimekuwa nikimwambia "mwezi ujao, Inshallah". Siku hizi nikimpigia simu hapokei, na mke wangu hasemi neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema.

Usiku nisipokuwa kazini hukaa na simu nikizitazama meli za magari katika programu inayoonyesha zilipo baharini. Ninazijua kwa majina, na ninajua ipi imevuka Suez na ipi imetia nanga ikisubiri gati. Mke wangu anasema nimeoa meli.

Je, niuvunje mkataba au niendelee kungoja? Rafiki yangu anadai kwamba, kwa kuwa nililipa kwa kadi ya mkopo, benki italazimika kunirudishia kila kitu, ni kweli? Na shemeji nimweleze nini? Kila ninayemuuliza hunijibu kwamba subira huvuta heri. Mimi nimevuta hadi kamba imekatika.

Wako,
Mngoja Meli, Birmingham
17 Juni 2022

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Mkataba usiuvunje sasa, ila uache kungoja ukiwa ndani ya gari la dizeli, na suala la shemeji ulimalize kabla ya jingine lolote. Nitakueleza kwa nini, na nitaanzia kiwandani, kwa sababu naona bado unaamini kwamba kuna mtu mmoja aliyekudanganya.

Jiji la Shanghai, lenye watu wapatao milioni 25, lilifungwa kwa zamu mbili: upande wa mashariki wa mto Huangpu kuanzia tarehe 28 Machi, na upande wa magharibi kuanzia tarehe 1 Aprili. Amri hiyo haikuondolewa hadi tarehe 1 Juni. Kiwanda cha Tesla kilichoko huko kilisimama siku ile ile ya 28 Machi na kikaanza tena tarehe 19 Aprili, huku wafanyakazi wakilala humo humo kiwandani ili wasikutane na watu wa nje. Takwimu za chama cha magari ya abiria cha China zinaonyesha kwamba kiwanda hicho, kilichouza magari 65,814 mwezi Machi, kiliuza 1,512 tu mwezi Aprili, na hakuna hata moja lililosafirishwa nje ya nchi mwezi huo. Meli ya kwanza ya kusafirisha magari yake baada ya hapo ilipakiwa karibu na tarehe 11 Mei. Sidai kwamba gari lako linatoka huko. Nimelitaja kwa sababu ndilo tukio lililoandikwa kwa tarakimu, na kwa sababu linaonyesha kwamba wiki tatu za kufunga milango haziishii kuwa wiki tatu za kuchelewa. Kiwanda kinapofunguliwa huanza na foleni iliyorundikana, tena kwa watu wachache na vipuri vya kuokoteza, na meli iliyokuwa ije kuchukua shehena imeshapangiwa safari nyingine.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalioni ni kwamba kiwanda kinaweza kusimama ilhali mji wake uko wazi. Kampuni ya NIO huunda magari yake Hefei, mbali kabisa na Shanghai, lakini ilitangaza kusimamisha kazi tarehe 9 Aprili kwa sababu watengenezaji wa vipuri katika Jilin, Shanghai na Jiangsu walikuwa wamefungiwa. Huku Ulaya, kiwanda cha Volkswagen cha Zwickau, kinachounda magari ya umeme matupu, kilisimama mwezi Machi kwa kukosa mikungu ya nyaya, yaani mafungu ya nyaya za umeme za ndani ya gari, iliyokuwa ikitengenezwa magharibi mwa Ukraine. Mkungu wa nyaya haununuliwi kama tairi. Hushonwa kwa mikono, kwa mpangilio wa gari la mteja fulani na vikorombwezo alivyoagiza, kwa hiyo hauwezi kuwekwa ghalani ukingoje vita viishe. Na hata gari likishakamilika na kupakiwa, bado bahari ina neno lake: mwezi Februari meli ya Felicity Ace, iliyokuwa ikivusha karibu magari 4,000 kutoka Emden kwenda Marekani, ilishika moto karibu na visiwa vya Azores na kuzama tarehe 1 Machi. Mabaharia wote 22 waliokolewa, lakini wenye magari yale walirudishwa mwisho wa foleni.

Kwa hiyo muuzaji wako pengine hakudanganya. Kosa lake ni jingine, nalo ndilo ninalotaka ulitazame vizuri: alikupa kadirio kwa sauti ya mtu anayetoa tarehe. Chukua ile karatasi ya agizo uliyotia sahihi mwezi Januari uisome tena. Nina hakika kubwa kwamba hutaikuta "mwishoni mwa Aprili" popote, au utaikuta ikiwa na neno "inakadiriwa" pembeni yake. Lililosemwa kwa mdomo na lililoandikwa ni vitu viwili, na tangu Januari umekuwa ukiishi kwa la mdomo.

Kabla sijapewa safu hii nilifanya kazi kwa miaka mingi katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Dar es Salaam, tukitoa magari yaliyotumika yaliyokuwa yakiletwa kutoka Japani. Kila asubuhi walikuja watu kama wewe. Mtu alifika akiwa na jina la meli, siku iliyopita Singapore na mwendo wake wa baharini, na alijua mambo ya meli hiyo kuliko nahodha. Nilikuwa nikimuuliza swali moja tu: hati ya shehena unayo, na namba ya chasisi ya gari lako imo? Wengi hawakuwa nayo. Walikuwa wakiifuatilia meli ambayo gari lao halikupanda. Nawe vivyo hivyo, maadamu hujapewa namba ya chasisi, hakuna meli hata moja baharini unayoweza kuiita yako, na kuzikesha meli hizo ni sawa na kumngoja mgeni kituoni bila kujua kama amekata tiketi.

Sasa muandikie muuzaji barua pepe moja, fupi na ya adabu, na umwombe ajibu kwa maandishi. Muulize kama gari lako limeshapewa namba ya chasisi, na kama limepewa, liko wapi leo: kiwandani, bandarini kwao, au melini. Muulize kama bei ya Januari inabaki ile ile hadi siku ya makabidhiano. Kisha muulize, na hili ndilo muhimu kuliko yote, kama ombi la ruzuku ya serikali ya pauni 1,500 kwa gari lako liliwasilishwa wakati ule ulipoagiza. Ruzuku hiyo, iliyohusu magari yasiyozidi pauni 32,000, ilifungwa kwa maagizo mapya tarehe 14 Juni, siku tatu kabla hujaniandikia, ingawa serikali imesema kwamba maombi yaliyokwishawasilishwa yataheshimiwa. Ukivunja mkataba leo na kwenda kwa muuzaji mwingine, utakuwa umezitupa pauni 1,500 na kujipanga upya mwishoni mwa foleni nyingine, kwa bei ambayo siku hizi haibaki mahali pamoja. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kukuambia ungoje, na haihusiani kamwe na subira na heri zake.

Ikiwa atakujibu kwamba ombi la ruzuku halikuwasilishwa, au kwamba bei imepanda na mkataba unamruhusu kuipandisha, basi ushauri wangu unabadilika, na ukiondoka sitakulaumu.

Kuhusu haki zako, sheria ya haki za wanunuzi ya Uingereza ya mwaka 2015 inasema kwamba, pasipo makubaliano mengine, bidhaa ifikishwe bila kuchelewa pasipo sababu na si zaidi ya siku 30. Kwako makubaliano mengine yapo, kwa hiyo hizo siku 30 zisahau. Lakini sheria hiyo hiyo inakuruhusu, muda uliokubaliwa unapopita, kumpa muuzaji muda mwingine ulio wa haki, na akiukosa huo pia unaweza kuuhesabu mkataba kuwa umekwisha na kurudishiwa ulichokilipa. Mimi ningeandika tarehe 30 Novemba 2022, mwisho wa kipindi walichokitaja wenyewe, ili asitokee mtu wa kusema kwamba hukuwapa nafasi. Usiandike kwa hasira, na usitishie. Andika tarehe tu, na nakala uihifadhi. Wakibisha, ofisi za Citizens Advice zitakusomea mkataba wako bila malipo, na wao wataona karatasi ambayo mimi sijaiona.

Rafiki yako wa kadi amepata nusu. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinamfanya mtoaji wa kadi ya mkopo awajibike pamoja na muuzaji, hata kama ulicholipa kwa kadi ni arubuni peke yake. Hata hivyo, kifungu hicho kinahusu kitu ambacho bei yake inazidi pauni 100 na haivuki pauni 30,000, na kinachopimwa hapo ni bei ya kitu chenyewe, si kiasi kilichopita kwenye kadi. Gari lako la 31,000 na ushei limeuvuka mpaka huo. Benki inaweza kukusaidia kuyadai malipo ya kadi kwa utaratibu wake mwingine, lakini usiuvunje mkataba ukiegemea ukuta ambao haupo.

Nije kwenye dizeli. Kuanzia mwanzo wa Mei, wakati uliotazamiwa uwe na gari jipya, hadi mwisho wa Novemba ni wiki thelathini. Kwa pauni 40 kila wiki utakuwa umelipa pauni 1,200 za ada peke yake, ukiwa bado hujanunua lita moja ya mafuta. Wewe umezoea kuzihesabu hizo kama gharama ya muuzaji kuchelewa, ila nusu yake ni gharama ya wewe kutoamua. Eneo hilo la Birmingham haliwatozi wenye magari ya petroli yanayotimiza kiwango cha moshi cha Ulaya kiitwacho Euro 4, ambacho magari mengi yaliyosajiliwa tangu mwaka 2006 yanakitimiza; dizeli ndiyo iliyowekewa Euro 6. Kwa hiyo gari dogo la petroli, la zamani, lisilo na urembo wowote, litaingia mjini bure. Ingiza namba yake katika tovuti ya serikali uhakikishe kabla hujatoa pesa. Bei za magari yaliyotumika zimepanda mno tangu mwaka jana, hilo nalijua. Utalinunua ghali, nawe utaliuza ghali pia.

Usipotaka kununua, mpaka wa eneo ni barabara ya mzunguko ya Middleway, na barabara yenyewe haitozwi. Egesha nje yake umalizie kwa basi au kwa miguu. Wakati wa kiangazi jambo hilo linawezekana, ingawa ikifika Oktoba na mvua ya saa tatu usiku utanikumbuka kwa ubaya.

Ile chaja iache hapo ukutani, haiozi. Ulifanya vyema kuiwahi ruzuku, na binti yako ndiye mtu pekee katika mkasa huu anayepata faida ya kilichokwishalipiwa. Siku gari litakapofika, tazama tarehe ya kuundwa kwake, kwa maana lililokaa uwanjani miezi mingi huweza kuwa na ile betri ndogo ya volti 12 iliyokufa na matairi yaliyobonyea upande mmoja. Hayo wayarekebishe wao kabla hujatia sahihi ya kulipokea.

Nimemweka shemeji mwisho ili nimseme kwa urefu. Soma tena barua yako. Muuzaji alikuambia Aprili, kisha Juni, kisha Agosti, kisha "kati ya Septemba na Novemba", nawe ukaona unachezewa. Shemeji yako alikupa pauni 500 kwa ahadi ya Mei, na tangu hapo unampa "mwezi ujao", huku Inshallah ikifanya kazi ile ile inayofanywa na neno "inakadiriwa" katika karatasi ya muuzaji. Tofauti ni kwamba muuzaji alikwamishwa na mambo ya kiwandani na ya melini asiyoyaweza, lakini gari la shemeji liko mlangoni pako, na ufunguo unao mfukoni. Wewe ndiye kiwanda, wewe ndiye meli. Mke wako amekaa kimya kwa sababu amewekwa kati ya mumewe na kaka yake, na hakuna neno analoweza kulisema lisimwumize mmoja wenu.

Usimtumie ujumbe wa simu. Asipopokea, mpitie mke wako, umwombe kwa heshima amwambie kaka yake kwamba una neno la kumwambia na kwamba halina visingizio. Ukimpata usimsimulie habari za Shanghai, anazijua. Mwambie hivi: "Shemeji, nilikuahidi Mei na sikutimiza. Gari liko tayari, nitalileta Jumamosi. Ikiwa umeshapata jingine, pauni 500 zako nakurudishia leo." Kisha nyamaza, umwache aseme yake. Bei isiongezwe hata senti, hata kama magari yamepanda, kwa sababu kuchelewa kulikuwa kwako. Akiwa alilazimika kukodi gari mwezi Mei na Juni, mpunguzie kitu bila kungoja aombe.

Akikubali, Jumamosi mpelekee gari likiwa limeoshwa, pamoja na kitabu chake na funguo zote mbili. Utarudi kwa treni, na kutoka Leicester hadi Birmingham ni mwendo wa saa moja hivi, muda wa kutosha kuifuta ile programu ya meli na kuanza kutafuta gari dogo la petroli.

Shangazi